Niliacha mwethya kimya kimya kwa sababu fomula yangu iliniruhusu

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi kina dada mnaosoma humu bila kuandika neno, hamjambo pia, najua mko.

Wengi mnanijua kama yule mama mkali wa jukwaa la kompyuta, anayegombana na vijana kila wiki. Leo sigombani na mtu. Nataka kuweka hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata dada yangu wa tumbo moja. Sitatia chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote ni jinsi yalivyokuwa.

Chukueni chai, maana ni ndefu kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma masters ng'ambo. Msinione najipandisha, ilikuwa ni scholarship tu, na mimi nilikuwa msichana wa Kalamba, huko Ukambani, mwenye kichwa kigumu kilichobahatika kupenda hesabu.

Thesis yangu ilihusu mantiki ya akili za agents. Ngoja nieleze polepole, najua kuna mtu ameshaanza kusinzia.

Agent ni programu isiyongoja kuambiwa kila kitu. Inaangalia hali ilivyo, inaamua, inafanya. Sasa kabla hujaiachilia ifanye kazi peke yake, unataka uhakika kwamba haitakuletea balaa. Kwa hiyo unahitaji lugha ya kihesabu ya kusema programu hiyo inaamini nini, inatamani nini na imekusudia nini. Imani, tamaa, nia. Kila moja ina alama yake, halafu unaandika kanuni za kuziunganisha.

Mfano rahisi. Huwezi kukusudia jambo unaloamini haliwezekani. Naweza kutamani kuwa na mabawa, hakuna anayenikataza, lakini siwezi kukusudia kuruka kesho asubuhi kwenda Migwani. Ukinisikia nimesema hivyo, nipelekeni hospitali.

Kanuni nyingine, na hii ishikeni kwa sababu ndiyo imenileta hapa leo: agent anaruhusiwa kuacha nia yake lini?

Jibu langu siku hizo lilikuwa fupi. Anaacha akiamini ameshatimiza, au akiamini haiwezekani tena. Basi. Hata wakiwa kundi lenye nia moja, kila mmoja anajipimia mwenyewe. Hiyo ilikuwa sura ya nne ya thesis yangu, na niliipenda vile mtu anapenda mtoto wake hata akiwa na makamasi.

Nikiwa katikati ya masomo mama yangu akafariki. Nikarudi kumzika. Chuo kikaniruhusu nimalizie kuandika nikiwa nyumbani, niwe natuma sura moja moja kwa posta. Baba alikuwa ameaga zamani, tukiwa wadogo. Dada yangu alikuwa ameolewa huko Kitui. Nikabaki mimi na nyumba ya mama na taipureta niliyonunua kwa mtu, iliyokuwa inaruka herufi moja kila mara.

Wakuu, upweke ule sijui niuelezeje.

Watu hawakunitenga, hapana. Walinisalimia vizuri. Wakiniuliza ninasomea nini nilisema kompyuta, wakasema, "Aa, hizo za benki," na mazungumzo yakaishia hapo. Kanisani walinipa kazi ya kusoma matangazo kwa sababu nilikuwa na sauti ya shule. Baada ya ibada kila mtu alikuwa na mtu wa kutembea naye isipokuwa mimi.

Mtu pekee aliyejua nilichokuwa nikifikiria alikuwa supervisor wangu, mzee mmoja mpole mwenye mwandiko mbaya. Barua nilituma siku ya soko la Mukuyuni, na jibu lilirudi baada ya mwezi na zaidi. Yaani nikipata wazo zuri Jumatatu, lilipata mtu wa kulisikia mwezi uliofuata, na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalichoka.

Kuna siku nilijikuta namweleza kuku sura ya tatu. Cheka tu, mimi pia nilicheka, halafu nikalia.

Sasa mwethya. Kwa wale wasio wa Ukambani, mwethya ni kundi la nyumba zinazofanya kazi pamoja. Leo tunachimba matuta ya shamba lako, wiki ijayo langu, na kukiwa na kazi ya wote tunaifanya sote. Kila nyumba inatoa mtu. Mama yangu alikuwa ndani ya mwethya wa kwetu tangu alipoolewa.

Wiki chache baada ya mazishi, kiongozi wa mwethya alikuja kwangu. Tumwite Mama Ndunge. Mwanamke mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Hakuketi.

"Nyumba ya Mbula iko ama haiko?" akaniuliza. Mbula ndilo jina la mama.

Nikasema iko.

"Basi Jumanne ukuje na jembe."

Hivyo tu. Lakini nawaambia ukweli, hakuna mwaliko mwingine maishani mwangu uliowahi kunifurahisha hivyo.

Mwaka huo kazi ya wote ilikuwa silanga. Silanga ni bwawa la udongo: unachimba shimo pana bondeni, na udongo unaoutoa unaurundika upande wa chini uwe ukuta wa kuzuia maji ya mvua. Wanawake kumi na tisa, majembe, makarai na magunia. Jumanne na Ijumaa asubuhi.

Ukuta uligawanywa. Kila nyumba ilipimiwa hatua zake na kuchomekewa vijiti viwili, na kati ya vijiti vyako ndipo unapopandisha ukuta wako hadi ukutane na wa jirani. Sehemu yangu ilikuwa karibu katikati, palipo chini kabisa. Kushoto kwangu alikuwa Mama Kioko, rafiki mkubwa wa mama, mwanamke mzee wa viatu vya akala, vile vya kukatwa kwenye tairi la gari, aliyekuwa anachimba huku akiongea bila kuvuta pumzi.

Hapa kuna desturi ambayo lazima muielewe, la sivyo hamtaelewa lolote.

Katika mwethya wetu, sehemu ya mtu haiguswi mpaka mwenyewe atume neno. Ukiumwa au ukisafiri, unatuma mtu aseme, "Shikeni yangu." Siku hiyohiyo wenzako wanagawana sehemu yako na hakuna ubaya wowote. Lakini wakikufanyia bila wewe kutuma neno, maana yake wamekufuta. Nyumba yako imetoka. Hawatakuja shambani kwako, na siku ya msiba wako watakaa kwao. Zamani iliwahi kutokea, nyumba moja ikafanyiwa kazi yake kwa nia nzuri tu bila kuuliza, na koo mbili zikanuniana miaka. Tangu hapo ikawa sheria.

Nilijua sheria hiyo. Mama Kioko alinieleza siku ya kwanza, kati ya hadithi nyingine kumi.

Tulichimba wiki kadhaa. Mikono ilitoka malengelenge, mgongo ukakataa, na nilikuwa na furaha. Kulikuwa na wimbo wa kuitana: mmoja anataja nyumba moja moja, na mwenye nyumba anaitikia "Iko!" kwa Kikamba huku akishusha jembe. Nikisikia nyumba ya Mbula imetajwa nilikuwa naitikia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Mama Kioko alikuwa ananitania kwamba nitaamsha wafu.

Halafu Ijumaa moja nikafika kwenye mchanga.

Nilikuwa nimechimba kina cha mkono hadi kiwiko, jembe likaanza kuleta mchanga mweupe, ule laini wa mtoni. Sikusema kitu. Wenzangu walipoenda kunywa uji nikamwaga karai la maji pale shimoni. Yalinywewa kabla sijamaliza kufunga leso yangu. Nikajaribu upande wa pili, vilevile.

Nikarudi nyumbani nikiwa na uhakika kabisa: silanga hii haitashika maji. Tunapoteza wakati.

Sasa niulizeni kwa nini sikusema.

Nimejiuliza hilo miaka mingi, na majibu yamekuwa yakibadilika kulingana na jinsi ninavyojihurumia. Mahali pale palichaguliwa na Mama Ndunge, na palikuwa pameshaombewa. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kwa wote. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimewarekebisha hesabu ya hatua, wakacheka wakaniita profesa, na ingawa ulikuwa utani niliumia. Hizo zote ni kweli.

Lakini sababu kubwa, wakuu, ni kwamba sikuona kama ni lazima. Nilienda mezani, nikafungua sura ya nne, na pale ilikuwa imeandikwa kwa alama zangu mwenyewe: agent akiamini lengo haliwezekani, anaruhusiwa kuacha. Haikusema aage. Kwa hiyo Jumanne sikwenda. Nilijiruhusu kwa fomula yangu, nikaona nimefanya jambo la akili.

Siku hizohizo ikafika barua ya supervisor. Alikuwa amesoma sura ya nne na hakuipenda. Aliniuliza swali moja akalipigia mstari: siku ambayo mmoja anaacha, wale waliobaki wanaamini nini? Akasema kundi langu linaweza kufa lote bila mtu kujua limekufa, na kama sitajibu hilo sura haitapita.

Nilikasirika sana. Niliona ananitafutia makosa. Nikaketi kumwandikia kurasa za kumwonyesha kwamba waliobaki hawahitaji kujua, kwamba kila agent ana macho yake, atajionea.

Nikiwa katikati ya hayo nikasikia akala uani.

"Hodi! Mwende!" Alikuwa Mama Kioko. Mwende ndiyo mimi.

Vidole vyangu vilikuwa juu ya taipureta. Nikaacha kupiga. 

"Mwende, wi vo?" Akimaanisha, uko?

Sikujibu. Sina maelezo mazuri. Niliona aibu, na aibu hiyo ikawa inanigandisha kadiri nilivyozidi kukaa kimya. Mlango haukuwa na komeo. Angeweza kuusukuma, lakini mtu wa heshima hasukumi mlango wa mtu.

Kumbukeni alikuwa amesikia taipureta ikilia na akaisikia ikinyamaza. Alijua niko. Na mimi nilijua kwamba anajua. Alisimama pale muda ambao naweza kuupima hata leo, kisha nikasikia kitu kimewekwa chini na akala zikaondoka.

Nilipotoka nikakuta kibuyu cha uji. Niliunywa wote nimesimama.

Tangu nilipoacha kwenda, kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa nasikia wimbo kutoka bondeni. Maneno hayakufika vizuri, ila mpangilio wa nyumba niliujua kwa moyo. Ikifika nyumba ya Mbula, nilikuwa naacha kupiga taipureta nisikilize.

Mara za kwanza kulikuwa na kimya, kisha wakaendelea. Baadaye, baada ya siku ile ya uji, mtu aliitikia mahali pangu. Sauti ya mwanamke mzee, na maneno marefu kuliko "Iko."

Nikafikiria: haya, wamenifuta. Wamegawana sehemu yangu, sasa kuna mtu anaitikia.

Nilijiambia ni vizuri, hata hakuna haja ya kwenda kueleza. Nikajikaza. Jioni nikashindwa kula. Nyumba ya mama yangu ilikuwa imekaa ndani ya wimbo ule miaka yote, na mimi nilikuwa nimeitoa kwa wiki tatu tu. Lakini kwenda kuuliza sikwenda. Nilikuwa nimeshaamini, na mtu anayeamini haulizi.

Mvua ya mwaka huo ilikuja mapema. Ilianza Jumatano mchana, ikashika hadi alfajiri, mvua ile ya kupiga mabati mpaka husikii mawazo yako. Asubuhi kulipopambazuka nikasikia mngurumo bondeni. Nikajifunika gunia nikashuka.

Wote walikuwa pale. Kumi na wanane, wamesimama juu ya ukuta wakiwa wamelowa.

Ukuta ulikuwa umesimama vizuri kushoto. Ulikuwa umesimama vizuri kulia. Katikati kulikuwa na pengo, na maji yote ya bonde yalikuwa yanapita hapo kama ng'ombe wanaotoka zizini. Pembeni mwa pengo vilikuwa vimesimama vijiti vyangu viwili.

Hawakuwa wamenifuta. Hawakuwa wamegusa sehemu yangu hata karai moja.

Nilisimama pale nisijue niweke wapi uso wangu. Mama Ndunge akageuka akaniona. Nilingoja anitukane, na naapa ningeshukuru. Akateremka kwenye tope hadi nilipo, akanishika bega.

"Pole na ugonjwa," akasema. "Mbona umetoka na hii baridi? Kifua imepoa?"

Nikamtazama Mama Kioko. Alikuwa anatazama maji.

Hapo nikaelewa yaliyotokea, na sehemu nyingine nikazisikia baadaye kwa wenzangu. Siku ile aliporudi kutoka mlangoni kwangu, wenzake walimuuliza kama bado nataka mwethya. Angesema ukweli, kwamba niko ndani mzima na nimekataa kuitika, wangenifuta siku hiyohiyo. Nyumba ya rafiki yake ingetoka. Kwa hiyo akasema amenikuta kitandani, kifua kimenibana hata sauti haitoki, ila nimesema nitakuja kumaliza sehemu yangu mwenyewe. Neno la "Shikeni yangu" hakuthubutu kunitungia, maana hilo ni la mwenye nyumba na mimi sikuwa nimelituma. Na kila wimbo ulipofika kwangu alikuwa anaitikia kwamba nyumba iko, inaumwa.

Wao wakamwamini, wakaningoja. Walikuwa wamekubaliana kunipa hadi Ijumaa nipate nguvu. Mvua haikungoja Ijumaa.

"Kifua imepoa?" Mama Ndunge akauliza tena.

Nikasema, "Imepoa."

Neno moja, wakuu. Wakati mwingine usingizi ukikataa huwa narudi pale na kusema kitu kingine.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, nikapata ujasiri wa kuuliza juu ya mchanga. Nilidhani angalau hapo nilikuwa na haki. Mama Ndunge akanishangaa.

"Si tuliuona tangu siku ya kwanza? Tulikuwa tulete udongo ya kichuguu, tumwage chini, tukanyagishe ng'ombe ishikane. Hata mama yako alikuwa anajua hiyo kazi. Ulidhani tunachimba tu?"

Ndiyo, nilidhani wanachimba tu. Mimi mwenye masters nusu, nilidhani wanawake waliotengeneza silanga tangu kabla sijazaliwa hawajui mchanga unakunywa maji. Swali moja tu pale kwenye uji lingeniondolea wasiwasi. Niliamini haiwezekani, na imani yenyewe ndiyo ikaja kuvunja ukuta.

Kiangazi kilichofuata hatukuwa na maji. Tulikuwa tunaenda mtoni kufukua mchanga, mwendo wa asubuhi nzima. Nilikwenda kila siku, sikukosa hata moja. Nilitaka kubeba mzigo mkubwa kuliko wote ili angalau mwili wangu ulipe.

Walinikataza. Kwa sababu ya kifua.

Walinipa mtungi mdogo, ule wa watoto. Mama Kioko, mzee vile, alibeba mkubwa na kutembea mbele yangu. Nikikohoa kidogo kwa vumbi wote walisimama kuniangalia. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, na sijawahi kuwa peke yangu hivyo, kwa sababu mtu waliyekuwa wakimpenda hakuwepo. Kulikuwa na mgonjwa fulani aliyejitahidi akashindwa. Mimi nilikuwa natembea tu na mtungi wake.

Siku moja tukiwa wawili njiani nikamwambia Mama Kioko nataka kusema ukweli mbele ya wote Ijumaa.

Alitua mtungi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifikiria kabla ya kuongea.

"Na mimi nitakuwa nani?" akaniuliza. "Maji iliisha kwa sababu ya mdomo yangu. Wewe utarudi kwa wazungu. Mimi ni wa kuzikwa hapa."

Akajitwika mtungi wake tukaendelea. Hatukurudia mazungumzo hayo tena.

Thesis? Niliichana ile barua ya hasira. Niliandika sura ya nne upya yote. Kanuni mpya ikasema hivi kwa lugha ya kawaida: ukiwa na nia pamoja na wengine, halafu peke yako ukaamini haiwezekani, hujawa huru. Nia ya kuchimba inaweza kuisha, lakini papo hapo inazaliwa nia nyingine, ya kuhakikisha wenzako wote wanajua unachoamini. Mpaka wajue, bado umo ndani.

Supervisor alifurahi sana. Aliandika kwamba kuna watu huko kwao walikuwa wamefikia jambo linalokaribiana na hilo, nami kwa kukosa majarida sikuwa nimejua, lakini uthibitisho wangu ulikuwa tofauti na ulisimama wenyewe. Nilipokwenda kutetea thesis, mtahini mmoja aliniuliza mfano wa wachimbaji wa bwawa niliutoa wapi, maana ni mzuri mno.

Nikasema nimeubuni.

Mwaka uliofuata mwethya walijenga ukuta upya, nami nikapandisha sehemu yangu mpaka juu. Wakaleta udongo wa kichuguu na ng'ombe. Ilishika maji na bado inashika. Baadaye nikapata kazi ya kufundisha hesabu Migwani, nikakaa huko miaka, nikawa narudi Kalamba kwa mazishi na harusi.

Kabla miaka ya tisini haijaisha Mama Kioko akaaga. Nikaenda. Mama Ndunge alisimama kutoa ushuhuda, yeye asiyependa maneno, akasema marehemu alikuwa mtu wa huruma, hata Mwende wa Mbula alipolala mgonjwa wiki nzimanzima na hana mtu, ni huyu aliyempelekea uji. Kisha akanionyesha kwa mkono. Watu wote wakageuka. Nikainuka nikasema ni kweli.

Na uji ulikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Miaka yote Mama Ndunge alikuwa akikutana nami, hata kabla ya salamu, ananiuliza habari ya kifua. Nilimjibu kwamba kilipoa. Alizeeka mpaka akasahau majina ya wajukuu wake, lakini kifua changu hakukisahau.

Amezikwa mwezi uliopita. Alikuwa wa mwisho kati ya wale kumi na wanane. Ndiyo maana nimeandika leo na sio jana. Hakuna tena mtu wa kuaibishwa na ukweli huu, na pia hakuna tena mtu wa kuupokea. Nilingoja mpaka ikawa salama kusema, kumbe ikifika hapo hakuna wa kumwambia. Nimebaki kuwaambia nyinyi watu wa majina bandia.

Nilichojifunza ni kidogo tu, na kilinigharimu. Ukiacha jambo ulilokubaliana na watu, waambie. Waambie hata kama una uhakika wa asilimia mia, na hasa ukiwa na uhakika huo. Wakasirike, wakufute, wakucheke. Atakayekufuta amekujua. Anayekungoja kwa upole kwa sababu hajui umeondoka, huyo hutamrudia kamwe, hata mkitembea njia moja kila siku na mitungi kichwani.

Haya, uwanja ni wenu. Wa mantiki walete mantiki yao, wa Ukambani mnisahihishe nilipokosea desturi, na mwenye kutaka kunisema vibaya aseme, nimekaa tayari kusoma kila neno. Ila ombi moja. Mkiona nimekaa siku mbili tatu bila kuwajibu, tafadhali asitokee mtu mwema wa kuniombea udhuru hapa kwamba pengine naumwa.